Mwongozo kamili: kutoka kibarua wa kuhesabu magunia mpaka meneja wa ghala, kwa walioko Kigoma na Tabora

Kila nikigusia kazi za stoo napata ujumbe uleule: "Kaka nina cheti, nimetuma maombi mpaka nimechoka, nimeitwa intavyuu mara tatu nimeachwa, tatizo nini?" Nikiwauliza mlifanyishwa nini huko, wengi wanajibu sawa. Walipewa karatasi ya mzigo ulioingia na uliotoka wakaambiwa watafute salio, au walipelekwa godauni wakaoneshwa rundo wakaulizwa hapa kuna gunia ngapi, wakabaki wanaangalia juu.

Hapo ndo watu wanaanguka. Kujuana kupo, sikatai, lakini wengi mnaoniandikia mmeangushwa na kitu kinachofundishika kabisa. Ukiikamua kazi ya meneja wa ghala inabaki kitu kimoja, kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichopo sakafuni vifanane, siku yoyote na saa yoyote atakayoingia mkaguzi. Kuongoza watu, kompyuta, ripoti, vyote vinafuata baada ya hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia sakafuni, na ukifuata kwa mpangilio nadhani ndani ya miaka miwili mpaka minne unaweza kukabidhiwa funguo za ghala la watu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Namba ya NIDA, TIN, cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Piga kopi, weka na picha zake kwenye barua pepe yako, maana kazi za ghala zinatokea ghafla, lori linaingia kesho na wanataka mtu leo.
- Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaokujua kweli. Unaenda kushika mali za watu, lazima wajue watakupata wapi.
- Kaunta buku moja, peni mbili, maka peni nyeusi.
- Kalkuleta ndogo na tepu ya kupimia, ya mita 5 inatosha.
- Tochi yenye mwanga mkali. Nyuma ya rundo kuna giza hata saa sita mchana, na panya na maji ya paa vinaanzia huko huko.
- Viatu vigumu. Gunia la kilo 50 likidondokea kandambili utakaa nyumbani mwezi.
- Simu inayofungua Excel au Google Sheets.

Kompyuta ni nzuri ila isikuzuie kuanza.

## Hatua ya 1: Chagua aina ya ghala

Watu wanaandika kwenye CV "naweza kufanya kazi ghala lolote" wakidhani wanaongeza nafasi, na wanaipunguza, kwa sababu kila ghala lina mzigo wake, makaratasi yake na hatari zake. Huku kwetu machaguo ni haya.

Mzigo wa ziwani. Kigoma reli ya kati inaishia hapa na meli na maboti yanaanzia hapa, mzigo unaenda Bujumbura, Uvira, Kalemie. Ukienda Kibirizi asubuhi utaona sementi, unga, chumvi ya Uvinza, mawese, dagaa, vyote siku moja. Mzigo wa kupita kwenda nje una mambo ya forodha, sili (ile lakiri yenye namba inayofunga mlango wa mzigo) ikikatwa kiholela ni kesi, kwa hiyo huku wanataka mtu makini na karatasi kuliko mtu mwenye nguvu.

Misaada. Kasulu na Kibondo kumekuwa na maghala ya chakula, mablanketi, sabuni na maturubai kwa ajili ya kambi kama Nyarugusu na Nduta. Hii ndo shule bora ya kuhesabu kuliko zote, kila kitu kina karatasi na mkaguzi anaweza kuja bila hodi. Ubaya wake mikataba ni mifupi na inafuata idadi ya wakimbizi na hela za wafadhili, ikikata inakata. Ichukue kama shule, usiichukue kama pensheni.

Ushirika. Tabora tumbaku, Kigoma kahawa, kote mnunuzi anashughulika na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na AMCOS wana maghala. Ni kazi ya msimu na ni rahisi kuingilia. Ukienda kwenye mazao yanayouzwa kwa stakabadhi za ghala jua kwamba kuna sheria yake ya mwaka 2005 na mwendesha ghala lazima awe na leseni. Mkulima akileta mzigo anaondoka na stakabadhi, kuanzia hapo uzito na ubora wa ule mzigo ni wa ghala kujibu.

Dawa na vifaa tiba. Bohari ya Dawa ina kanda Tabora, na kila hospitali ya wilaya ina stoo. Huku kuna joto la kulinda, chanjo zinakaa nyuzi 2 mpaka 8, na tarehe za kuisha muda. Wanapenda mtu aliyesoma.

Vifaa vya ujenzi. Mkataba wa SGR kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kazi kubwa za namna hii zinahitaji watunza stoo wa nondo, sementi, spea na mafuta, pamoja na maghala ya wauzaji wa jumla wanaolisha huo ujenzi.

Chagua moja la kuanzia, lililo karibu na unapolala. Ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja "mimi nafanya maghala ya vyakula vya magunia" umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa chini

Nafasi ya kwanza iombe kwa miguu. Maghala mengi ya Kigoma mjini, Mwanga, Kibirizi, hayatangazi nafasi ya karani wa kuhesabu, wanamchukua aliyekuwepo pale siku lori lilipoingia na karani wao anaumwa.

Nenda asubuhi kabla ya saa mbili, mtafute msimamizi, siyo mlinzi. Ongea kwa heshima na kwa kifupi, mfano hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Asante mzee. Mimi naishi hapo Mwanga, nimesikia kesho mnashusha. Naomba nihesabu pembeni ya karani wako, jioni tulinganishe hesabu zangu na zake. Zikipishana sitarudi kukusumbua."

Maneno hayo yanafanya kazi kwa sababu hayamwombi hela wala cheo, yanampa kitu anachokihitaji, macho ya pili. Wapo watakaokukatalia, nenda ghala la jirani. Wapo watakaokwambia kwanza ubebe magunia na vibarua wengine, beba. Meneja ambaye hajawahi kubeba hajui lori la tani 30 linachukua muda gani kushushwa na watu nane, na vibarua wanamjua siku ya kwanza tu.

Onyo moja: usikubali kusaini karatasi yoyote kipindi hiki. Wewe ni kibarua, anayesaini ni mwenye dhamana. Kuna watu wanatafuta kijana mgeni wa kumtupia upungufu wao.

Utajua umepita hapa siku utakapopigiwa simu kabla ya mzigo kufika badala ya wewe kwenda kuuliza.

## Hatua ya 3: Jifunze kupokea mzigo mpaka usikosee

Soma hapa taratibu. Upungufu mwingi niliowahi kuufuatilia ulikuwa haujaibiwa ndani ya ghala, haukuwahi kuingia.

Kabla mlango haujafunguliwa. Shika weibili au dilivari noti, yaani karatasi inayosafiri na mzigo, linganisha namba ya gari, jina la dereva, aina ya mzigo na idadi. Soma namba ya sili kwenye lori au behewa, ilingane na ya kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekatika au namba ni nyingine simama hapo hapo, ita mkubwa wako, dereva aandike maelezo, ndo mfungue mbele ya wote. Ukifungua kwanza ukauliza baadaye umeshajichanganya na tatizo ambalo halikuwa lako.

Angalia kabla ya kushusha. Turubai limelowa? Kuna harufu ya mafuta ya taa au dagaa kwenye lori la unga? Kama ni nafaka chukua bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchotea sampuli, choma magunia ya pembeni, ya katikati na ya chini, siyo yale ya mlangoni tu maana wajanja wanaweka mazuri mlangoni. Mahindi yenye unyevu juu ya asilimia 13.5 hayafai kuhifadhiwa, yatapata ukungu na sumukuvu, kwa hiyo kipimo cha unyevu kikiwepo kitumie na andika namba.

Kuhesabu. Wahesabu wawili, mmoja wa ghala na mmoja wa upande wa dereva, kila mmoja na karatasi yake. Mistari minne wima na wa tano unakata, hakuna kuhesabu kwa kichwa, kichwa kinapotea ukisalimiwa tu. Kila gunia 50 simamisheni mlinganishe, zikitofautiana mnarudi gunia 50 tu na siyo lori zima. Kama ghala lina milango miwili fungeni mmoja. Njia ya zamani ya vijiti nayo bado ni nzuri, kila kibarua akipita na gunia anaacha kijiti kwenye ndoo, mwisho vijiti vinahesabiwa na hesabu zote tatu zinakutana.

Tenga mabovu. Yaliyochanika, yaliyolowa na yaliyopungua uzito yanakaa upande wake tangu mwanzo. Mimi hupima gunia 10 kwa kila 100 kwenye mizani ili nijue kama kilo 50 ni 50 kweli.

Andika ulichokipata. Weibili inasema 600 na umepata 596 nzima, 3 zimechanika na 1 haipo, basi unaandika hivyo hivyo, kwa maneno na kwa tarakimu, dereva anasaini, wewe unasaini, kila mtu anabaki na kopi. Hapa dereva atakuharakisha, atakwambia bosi wake anapiga simu, foleni, boti linaondoka. Mwache aongee.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye dhamana nilipokea sementi saa moja usiku, umeme umekatika, mvua inakuja, nikasaini idadi ya kwenye karatasi nikisema nitahesabu asubuhi. Asubuhi mifuko 14 hakuna. Lori lilishaondoka, saini ni yangu, nikakatwa mshahara miezi miwili na mke wangu ndo kwanza alikuwa amejifungua. Tangu siku hiyo giza likiingia mzigo unalala kwenye gari na sili mpya na mlinzi, hata wakinuna.

Kufaulu kwa hatua hii kunaonekana kwenye namba: malori kumi mfululizo hesabu yako na ya mwenzako zinafanana bila kurudia.

## Hatua ya 4: Panga mzigo uweze kuhesabika

Kupanga vizuri siyo urembo, kusudi lake ni kwamba mtu akisimama mbele ya rundo aweze kujua idadi kwa dakika moja, na mzigo usiharibike ukiwa ndani.

Anza na chaga, zile fremu za mbao za kuwekea mzigo juu yake. Hakuna gunia linalokaa chini, sakafu ya saruji inapandisha unyevu hata kama unaiona kavu. Acha mita 1 toka ukutani, mita 1 kati ya rundo na rundo, na usipandishe mpaka usogelee paa, acha mita 1 tena juu. Nafasi hizo ni za hewa, za kupita na tochi, na za panya kukosa kichaka. Mwenye mali atakwambia unapoteza nafasi. Mwoneshe ukuta wa ghala lake Januari mvua ikiwa imeshika, atakuelewa, maana Kigoma mvua zinaanza Oktoba au Novemba na zinakwenda mpaka karibu Mei.

Kila tabaka liwe na idadi ileile. Tabaka la kwanza magunia yakilala hivi, la pili yalale kukata la kwanza, kama fundi anavyopanga matofali, ndo rundo linashikana. Magunia ya plastiki yanateleza kuliko ya katani kwa hiyo usiyapandishe juu sana. Ukiona rundo linaanza kuegemea upande, watoe watu pale chini, lishusheni kuanzia juu. Kamwe mtu asichomoe gunia la chini au la katikati. Rundo likianguka halichagui, na watu wamekufa kwenye maghala kwa hilo.

Usichanganye vinavyopigana. Dagaa na unga mbali mbali. Mawese yanavuja hata kwenye dumu jipya, yaweke kwenye kona yake na mchanga chini. Chumvi inavuta maji na inakula bati na nondo. Mbolea na dawa za kuulia wadudu zisikae chumba kimoja na chakula hata siku moja.

Kinachoingia kwanza kitoke kwanza, isipokuwa vitu vyenye tarehe ya kuisha muda, hivyo kinachoisha mapema ndo kitangulie hata kama kiliingia jana. Sementi nayo usiilaze, ikikaa miezi inashika unyevu inakuwa jiwe.

Kuhusu kufukiza dumuzi na fukusi: vile vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini vinaua wadudu na vinaua watu. Vinawekwa na mtu mwenye kibali, rundo likiwa limefunikwa kwa turubai la kufukizia, kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo, na mlango una tangazo la hatari. Mlinzi asilale ndani wala kwenye chumba kinachoshikana na ghala. Usiingie mpaka waliofukiza wapime wakuambie ni salama. Kama bosi anataka ufanye mwenyewe ili aokoe hela, kataa, hata ukifukuzwa.

Zoezi la kujipima: simama mbele ya rundo ulilolipanga, hesabu tabaka la chini, zidisha na idadi ya matabaka yaliyojaa, jumlisha ya juu. Mfano chini 48, matabaka yaliyojaa 12, juu yamebaki 22. 48 mara 12 ni 576, ongeza 22 unapata 598. Huo ndo ule mtihani wa "hapa kuna gunia ngapi" unaowaangusha. Ila kabla hujajibu panda uangalie katikati, kuna marundo yamepangwa pembeni katikati kukaachwa shimo, na wakati mwingine wanaokufanyia intavyuu wameliacha makusudi.

## Hatua ya 5: Karatasi, na lile swali la salio

Karatasi za msingi ni nne. Hati ya kupokelea, hati ya kutolea, kadi inayoning'inia kwenye rundo, na leja ya ofisini. Majina yanabadilika ghala kwa ghala, ile kadi ya kwenye rundo wengine wanaiita bin kadi, lakini kazi ni ileile.

Sheria zake mbili tu. Kitu hakisogei bila karatasi, hata kama ni bosi amepiga simu, hata kama ni gunia moja la shemeji yake. Na anayejaza kadi ya kwenye rundo asiwe ndiye anayejaza leja, ili mmoja akikosea mwingine amwoneshe.

Sasa tufanye lile swali. Chukua kalkuleta.

Tarehe 1 ghala lina gunia 420 za maharage. Tarehe 3 inaingia weibili ya 600, nzima 596, zilizochanika 3, haipo 1. Tarehe 5 zinatoka 250. Tarehe 9 zinatoka 180, jioni zinarudi 12 kwa sababu gari lilijaa. Tarehe 10 mkaguzi anahesabu rundo anakuta 598. Je kuna wizi?

Wengi wanafanya hivi: 420 jumlisha 600 toa 250 toa 180 jumlisha 12, wanapata 602. Wanaandika "upungufu gunia 4". Wameanguka.

Njia sahihi ni kuingiza kilichofika kizima. 420 na 596 ni 1,016. Toa 250 inabaki 766. Toa 180 inabaki 586. Rudisha 12 inakuwa 598. Rundo liko sawa. Zile 3 zilizochanika zipo, ila ziko sehemu ya mabovu na zina kadi yake zikisubiri kupimwa na kufungwa upya. Ile 1 ni dai kwa msafirishaji na ushahidi wake ni saini ya dereva. Ndani ya ghala hakuna kilichopotea.

Rudia zoezi hili kwa namba zako mwenyewe mara ishirini, tunga marejesho, tunga gari lililoshusha nusu, tunga hati iliyosahaulika kuingizwa, mpaka ukiona swali mkono unaanza wenyewe kutenganisha nzima, mbovu na isiyofika.

Alafu hamishia kwenye Excel. Safu unazohitaji ni tarehe, namba ya hati, imetoka au imeenda wapi, ingizo, toleo, salio, maoni. Ukishajua kujumlisha, kuchuja na kufunga seli zisiguswe, unatosha kwa kazi ya karani na hata usimamizi mdogo. Mifumo mikubwa ya kampuni utafundishwa huko huko, haishindi akili ya leja.

Kila siku kabla ya kufunga chagua bidhaa tatu, hesabu, linganisha na kadi. Mwisho wa mwezi hesabu zote. Kwenye kaunta buku lako andika tarehe na tofauti uliyokuta tu, usiandike siri za mwajiri wala kupiga picha hati zake. Miezi 12 ya kurasa hizo ndo mali yako kubwa kwenye safari hii.

Na ukikuta upungufu? Usiguse kadi. Mwite mwingine ahesabu upya. Tafuta hati ambayo haijaingizwa. Angalia rundo la jirani na sehemu ya marejesho. Bado? Andika ripoti siku hiyo hiyo. Anayebadilisha kadi ili ifanane amejifukuza mwenyewe, siku tu haijafika.

## Hatua ya 6: Shule, sasa ndo ina maana

Ukiwa na mwaka wa sakafuni, darasani utaelewa mara mbili. Kozi unayotafuta inaitwa ununuzi na ugavi, au lojistiki. Cheti cha awali kinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, kisha unapanda mpaka diploma na digrii. Chuo cha Uhasibu TIA kina kampasi hapa Kigoma, Tabora kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na Dar kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Nenda kaulize mwaka huo wanapokea ngazi gani na kozi zipi, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi.

Bodi yetu ni PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyowekwa na sheria namba 23 ya mwaka 2007. Inasajili na inatoa mitihani. Ukitaka serikalini, halmashauri au mashirika makubwa, usajili huo ni lazima uufikirie mapema, usisubiri mpaka tangazo litoke.

Cheti cha kuendesha folklifti na mafunzo ya usalama kazini vinaongeza uzito. Ila usiguse folklifti bila cheti.

## Hatua ya 7: Watu

Huku vitabu havikusaidii sana. Meneja anakaa kati ya vibarua, madereva, walinzi, mwenye mali na mkaguzi, na kila mmoja anamvuta kwake.

Vibarua walipwe siku hiyo hiyo na kwa hesabu waliyoiona. Kibarua aliyedhulumiwa elfu mbili atakurudishia kwa gunia. Tumia gengi lenye kiongozi wao, ongea na kiongozi, wasalimie wote kila asubuhi, wakubwa kwako waamkie hata kama wewe ndo bosi. Maji ya kunywa yawepo. Gunia zito unaloliona jepesi kwenye leja liko shingoni mwa mtu.

Vishawishi vitakuja taratibu. Haji mtu kukwambia tuibe lori, anakuja na "chukua kilo tano za nyumbani, hizi ni za kufagia". Makombo ya kufagia nayo yana hati yake. Siku ukichukua ya kwanza umempa mtu kamba ya kukufunga, na hatakuomba kidogo tena.

Ndugu nao watakuja, huu mji ni mdogo. Jibu langu ni moja tu, "shangazi, hata mimi nikitaka gunia hapa nanunua na risiti".

## Hatua ya 8: Kuomba nafasi yenyewe

Baada ya mwaka au miwili omba usimamizi wa ghala dogo au msaidizi wa meneja, usiruke.

Kwenye CV toa ule mstari wa "mchapakazi na mwaminifu", kila mtu anauandika. Andika kazi na namba zako za kweli, mfano: "Karani wa mapokezi, ghala la vyakula, Kasulu, miezi 18. Kupokea malori 6 kwa wiki. Kuhesabu stoo yote kila mwezi, tofauti zote zimeelezwa kwa hati." Mtu wa maghala akisoma hivyo anajua unaongea lugha yake.

Serikalini nafasi zinapita kwenye Ajira Portal, jaza wasifu wako leo kabla tangazo halijatoka. Mashirika ya misaada yanatangaza kwenye tovuti zao na kwenye mbao za matangazo za Kasulu na Kibondo. AMCOS na wafanyabiashara, nenda ana kwa ana kabla ya msimu.

Anayekuomba hela ya fomu, ya usaili au ya "kukuunganisha" ni tapeli, funga simu.

Kwenye intavyuu beba kalkuleta, tepu na peni. Wakikuonesha ghala tupu wakuulize linabeba kiasi gani, pima urefu na upana, ondoa njia na ile mita 1 ya ukutani, zidisha na kimo utakachopandisha, gawa kwa nafasi inayoliwa na tani moja. Nafasi ya tani moja ukaipime kabla hujaenda, panga gunia 20 za kilo 50 uzipime kwa tepu, kila bidhaa ina yake.

## Hatua ya 9: Siku unapokabidhiwa funguo

Umepata kazi, hongera, na hapa ndo wengi wanaharibu kwa furaha. Aliyekuwepo anakupa leja na funguo, anakwambia "kila kitu kiko sawa, saini hapa nina basi la saa nane".

Usisaini. Omba siku za kuhesabu kwa barua, ghala lifungwe lisitoe wala kupokea, hesabuni wewe, yeye na mtu wa tatu kutoka uhasibu. Rundo kwa rundo, pamoja na mabovu, chaga, mizani, maturubai na ngazi. Tofauti zote ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano na wote watatu wasaini kila ukurasa. Badilisha kufuli zote siku hiyo hiyo, uliza kuna funguo ngapi za akiba na ziko kwa nani, ziandike nazo.

Kama mwajiri anakataa kukupa hizo siku, andika juu ya saini yako: "Nimepokea funguo, mzigo haujahesabiwa", weka tarehe na saa, piga kopi ukae nayo nyumbani, na kesho yake asubuhi anza kuhesabu na rundo la mlangoni.